Chanjo Kabla ya Hijja: Hesabu Kuanzia Siku ya Safari Ukirudi Nyuma

Mahujaji wengi huikumbuka chanjo siku wakala wa safari anapodai kadi. Karatasi itapatikana, lakini mwili hauendi kwa mwendo wa karatasi. Sindano huuonesha tu mwili sehemu ya kijidudu, au kijidudu kilichodhoofishwa. Baada ya hapo seli za kinga hukitambua, huongezeka na kutengeneza kingamwili, na baadhi hubaki zikiwa na kumbukumbu yake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki mbili. Ndiyo maana Saudi Arabia hutaka chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili.

Hiyo ni ya lazima, nayo hukinga aina nne za bakteria: A, C, W na Y. Anayeiona kuwa usumbufu wa maofisa akumbuke mwaka 2000, aina ya W ilipozuka kwa mahujaji na kufuata baadhi yao hadi makwao, ikawapata hata jamaa ambao hawakusafiri. Bakteria hawa hukaa kooni mwa mtu asiyeumwa chochote. Muulize mchanjaji anakupa chanjo gani, maana cheti cha chanjo ya aina ya zamani hutumika miaka 3, na cha ile mpya iliyounganishwa na protini miaka 5. Huenda kadi ya umra iliyopita bado inafaa.

Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo aandae pia kadi ya homa ya manjano. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 haina mwisho. Virusi vyake ni hai ingawa vimedhoofishwa, kwa hiyo mjamzito, mwenye kinga dhaifu na aliyefikisha miaka 60 waonane na daktari kwanza.

Homa ya ini B haidaiwi uwanja wa ndege, na mimi ndiyo ninayoihofia zaidi. Wanaume hunyoa nywele, vinyozi wa kando ya njia hawakosekani, na kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Beba wembe wako. Chanjo yake kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Aliyetia nia ya mwaka kesho aanze sasa.

Ya mafua makali huchomwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Wazee, wenye kisukari na wenye pumu wasiikose. Chanjo ya pepopunda nayo huhitaji kurudiwa ili kuukumbusha mwili. Kina mama wengi walichanjwa kliniki walipokuwa wajawazito, ilhali baba zao na waume zao husubiri mpaka wakanyage msumari.

Mkono kuuma na homa ndogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Ila kaa kituoni dakika 15 baada ya kuchomwa, na kama dawa au chakula fulani kiliwahi kukuvimbisha, sema kabla ya sindano.

Kadi ikishaandikwa, isome hapo hapo: jina lilingane na pasipoti, tarehe na aina ya chanjo viwepo, mhuri usomeke. Ipige picha, kisha iweke kwenye mkoba wa mkononi.