Saa ya Kiswahili kwenye ratiba ya boti: namna ya kuiandika isikosee

Ukitengeneza ukurasa wa ratiba ya boti za Unguja na Pemba, kazi kubwa si rangi wala vitufe, ni saa. Abiria wa bandari ya Mkoani, Pemba, akiona "07:00" peke yake anaweza kuisoma saa saba mchana, akafika bandarini boti imeshang'oa nanga tangu saa moja asubuhi. Nauli imepotea na siku nzima imepotea. Lishughulikie hili kabla ya urembo wowote.

Anzia kwenye hifadhidata. Saa ya kila safari iandikwe pamoja na tofauti yake na UTC, yaani saa ya kimataifa: 2026-03-09T07:00:00+03:00. Usihifadhi maneno "saa 1 asubuhi", hutaweza kuyapanga wala kuyatafuta. Tarehe tupu nayo ni mtego: JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa kwenye kivinjari, husoma "2026-03-09" kuwa saa sita usiku kwa UTC, na mtu aliyeko Marekani akifungua ukurasa huoneshwa tarehe 8.

Usitumie getHours() ya JavaScript, maana hiyo hutoa saa ya simu ya msomaji. Mgeni anayekata tiketi akiwa London ataoneshwa saa za kwao. Tumia Intl.DateTimeFormat, kifaa cha JavaScript cha kuandika tarehe na saa, yenye timeZone: "Africa/Dar_es_Salaam" na hourCycle: "h23", yaani saa za 0 hadi 23. Ukiweka hour12: false badala yake, baadhi ya vivinjari huandika saa sita usiku kuwa 24 badala ya 0. Wala usitarajie lugha ya "sw" iliyomo kwenye kivinjari ikugeuzie. Huleta majina ya siku na miezi, saa huiacha ilivyo.

Kugeuza ni mstari mmoja wa JavaScript, h ikiwa saa ya 0 hadi 23 na % ikitoa baki la kugawanya:

(h + 6) % 12 || 12

7 inakuwa 1, 12 inakuwa 6. 18 inatoa 0, na sehemu ya mwisho huifanya 12. Wengi huandika h - 6, kwa kuwa ndivyo tunavyohesabu kichwani, na kwenye Python haina tatizo: h ikiwa 3, -3 % 12 ni 9. JavaScript, PHP, Java na Go hutoa -3, kwa sababu baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Ukiijaribu programu mchana tu hutaliona kosa hili. Jumlisha sita, ndiyo tabia salama katika lugha zote hizi, kisha jaribu 0, 3, 6, 12, 18 na 23. Majibu yawe 6, 9, 12, 6, 12 na 5.

Namba bila wakati haitoshi. Mgawanyo unaofaa ratiba, kwa saa za 0 hadi 23: 4 hadi 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zilizobaki usiku.

Usiku ndio unaotaka uangalifu zaidi. Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, ilhali kijana wa mjini huenda akaelewa Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Boti ya saa nne usiku iandikwe "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, saa 4:00 (22:00)". Ile ya asubuhi: "Jumatatu 9 Machi, saa 1:00 asubuhi (07:00)". Saa zote mbili zikae mstari mmoja, na kwenye ujumbe wa simu wa tiketi pia.