Jinsi ya Kuanza Kupika kwa Mchanganyiko wa Viungo vya Cajun

Kopo la viungo vya Cajun likinunuliwa dukani, jambo la kwanza la kufanya ni kuligeuza na kusoma orodha ya vitu vilivyomo. Orodha hizo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika makopo mengi kinachotangulia ni chumvi. Nililijifunza hilo kwa hasara: nilipaka viungo vya kopo kwenye mapaja ya kuku kwa ukarimu, kisha nikatia chumvi kama nilivyozoea, na chakula hakikulika. Tangu hapo huchanganya viungo vyangu bila chumvi hata chembe, na chumvi naipima kando kulingana na chakula chenyewe. Namshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwa sababu mchanganyiko wenye chumvi nyingi humzuia mpishi kuongeza ladha pale anapoihitaji.

Inafaa kujua viungo hivi vinatoka kwa nani. Cajun ni wazawa wa walowezi wa Kifaransa waliokuwa wakiishi Acadie, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na sehemu za jirani nchini Kanada, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Wengi wao hatimaye walifika Louisiana, kusini mwa Marekani, wakakaa kando ya vinamasi na kwenye mbuga zilizo magharibi mwa New Orleans, na neno Acadien likafupishwa na ndimi za watu hadi likawa Cajun. Upishi wao ni wa sufuria moja, wa kile kilichovuliwa, kilichowindwa au kilichofugwa nyumbani, na si upishi wa kuunguza ulimi kama wengi wanavyodhani. Pilipili imo, lakini kazi yake ni kuamsha ladha ya nyama, samaki na mboga, na anayeila anapaswa kuendelea kumtambua samaki aliyemo mdomoni mwake.

Kwa mchanganyiko wa kuanzia, chukua vijiko viwili vya chakula vya paprika, yaani unga wa pilipili tamu nyekundu isiyowasha, ambao ndio unaoleta rangi na utamu wa chini. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha kitunguu saumu cha unga na kingine cha kitunguu maji cha unga. Kisha tia vijiko viwili vya chai vya thaimu kavu, viwili vya oregano kavu, viwili vya pilipili manga nyeusi iliyosagwa wakati huohuo, kimoja cha pilipili manga nyeupe, na kimoja cha pilipili kali ya unga. Majani ya thaimu na oregano yafikiche kwa viganja kabla ya kuyatia, kwani yakibaki mazima hutengana na unga na kuelea juu ya mchuzi. Kiasi hiki ni kama nusu kikombe hafifu, na kinatosha mapishi sita au saba.

Usifikiri kwamba aina tatu za pilipili ni kurudia kitu kimoja. Nyeusi husikika mapema, na harufu yake hupanda puani. Nyeupe ina harufu nzito kama ya udongo na huwasha polepole nyuma ya koo. Nayo pilipili kali hukaa kwenye ulimi na midomo. Zikitiwa zote kwa kiasi kidogo, ukali unatandaa mdomoni kote bila mahali pamoja kuungua. Ukiwa na watoto mezani, punguza pilipili kali hadi robo kijiko na uziache hizo nyingine mbili kama zilivyo. Chakula kitabaki na uhai wake.

Kabla ya kuupeleka mchanganyiko kwenye samaki wa bei, ujue kwanza peke yake. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha siagi isiyo na chumvi kwa moto mdogo, tia nusu kijiko cha chai cha mchanganyiko, koroga kwa nusu dakika mpaka harufu itoke, kisha mimina mayai mawili yaliyopigwa na uyavuruge. Yai halina ladha kali ya kushindana na viungo, hivyo utasikia kila kilichomo: kama thaimu imezidi, kama kitunguu saumu kina uchungu wa kukaa muda mrefu dukani, kama ukali unakufaa. Rekebisha hapo, uandike kipimo chako, ndipo uendelee.

Jaribio hilo la yai linafundisha pia jambo lililo muhimu kuliko yote katika viungo hivi, nalo ni kwamba vinahitaji mafuta. Rangi ya paprika na ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo mtu anayenyunyizia mchanganyiko juu ya mchuzi unaochemka hupata ladha mbichi ya unga, ilhali aliyeukaanga kidogo hupata harufu iliyokolea. Anayejua kuunga mchuzi ameshaielewa hatua hii. Tofauti ni kwamba paprika ina sukari ya asili na huungua upesi, na ikiungua huwa chungu bila tiba; dakika moja kwenye moto wa wastani inatosha, kisha tia kitu chenye maji ili kuupoza.

Kuna pishi moja linaloonekana kuvunja kanuni hiyo, nalo ndilo lililoufanya mchanganyiko huu ujulikane duniani. Paul Prudhomme, mpishi aliyezaliwa karibu na Opelousas huko Louisiana, alifungua mgahawa wa K-Paul's mjini New Orleans mwaka 1979 pamoja na mkewe, na hapo akawapa watu samaki aliyechovywa kwenye siagi, akapakwa viungo, akawekwa kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto kupita kawaida mpaka akawa na ganda jeusi. Samaki huyo, anayeitwa redfish katika Ghuba ya Meksiko, alipendwa kiasi kwamba katika miaka ya 1980 ilibidi uvuvi wake wa kibiashara uwekewe mipaka. Weusi huo si mkaa. Ni viungo pamoja na chembe za maziwa zilizomo kwenye siagi, vilivyokolea hadi kahawia nzito, na ndiyo maana muda wake ni mfupi sana.

Ukitaka kulijaribu nyumbani, tumia minofu imara yenye unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Kambare anafaa, naye ni wa jamii moja kubwa na samaki wa masharubu wanaoliwa sana Louisiana, na changu au sato mnene pia hatakuangusha. Kausha minofu kwa kitambaa. Kwa nusu kilo, changanya kijiko kimoja cha chakula cha viungo na kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha chumvi. Pasha kikaango kizito cha chuma kikiwa kikavu, kwa moto mkubwa, kama dakika nane. Usitumie kikaango chenye utando wa kuzuia kugandisha, kwa sababu utando huo huharibika kwenye joto la namna hiyo. Chovya mnofu kwenye siagi iliyoyeyushwa, upake viungo pande zote, uuweke kikaangoni na usiuguse kwa dakika mbili. Geuza, uupe dakika mbili nyingine, na uuondoe mara nyama inapoachana kwa uma. Moshi wake una pilipili ndani yake na hukereketa koo, kwa hiyo fungua madirisha yote mapema na umwondoe jikoni mwenye pumu. Jiko la uani ni bora zaidi.

Wali ni njia nyepesi zaidi, na kwangu ndiyo inayoonyesha vizuri upishi wa nyumbani wa Cajun. Mwanzo wake ni kitunguu maji, seleri na pilipili hoho ya kijani, mboga tatu ambazo wapishi wa Louisiana huziita Utatu Mtakatifu, na bila hizo viungo pekee havileti ladha ya kwao hata ukitia kopo zima. Kaanga vipande vya soseji ya moshi mpaka viache rangi ya kahawia chini ya sufuria, tia kitunguu kikubwa kimoja, seleri mabua mawili na hoho moja, vyote vimekatwa vidogo, na uviache vilainike kwa dakika kumi huku ukikwangua ile kahawia. Hapo tia vijiko viwili vya chai vya mchanganyiko, dakika moja tu, kisha vikombe viwili vya mchele wa nafaka ndefu uliooshwa na kuchujwa, na vikombe vitatu na nusu vya supu ya kuku. Onja supu kabla ya kufunika, maana soseji tayari imeshaleta chumvi yake. Moto mdogo, dakika ishirini, kisha dakika kumi za kutulia bila kufunua. Hii ni jambalaya ya kahawia ya vijijini, isiyo na nyanya. Ile nyekundu ni ya Wakreoli, wenyeji wa mjini New Orleans wenye asili ya Kifaransa, Kihispania na Kiafrika.

Mchanganyiko huohuo huingia kwenye gumbo, mchuzi mzito ambao mara nyingi huwa na bamia. Jina lake wengi hulihusisha na neno kingombo, jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, lililovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Katika mchuzi wa kuchemka muda mrefu kama huo, tia nusu ya viungo mwanzoni pamoja na mboga, na nusu iliyobaki dakika kumi kabla ya kuepua, kwani harufu ya thaimu na oregano hupotea na mvuke.

Kinachobaki kihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko na mwanga, na ukitumie ndani ya miezi sita. Usinyunyize moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayofuka: mvuke huingia ndani, na wiki ijayo utakuta unga umeshikana kuwa donge. Chota kwanza kwa kijiko kikavu, uweke kwenye kibakuli, ndipo utie chakulani.