Kukusanya majina ya Kigaeli ya parokia, hatua kwa hatua

Nimemaliza kumsaidia bibi jirani, mwenye miaka themanini na ushei, kuandika majina ya vilima, vijito na mawe ya parokia yake huku nyanda za juu za Uskoti. Watoto wake hawasemi Kigaeli, lugha ya jadi ya huku, na majina mengine yamebaki kinywani mwake tu. Kama kuna mzee wa namna hiyo karibu nawe, anza wiki hii.

1. Ramani. Pakua ramani za karne ya 19 za inchi sita kwa maili kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, bure, uzichapishe kubwa. Karatasi, si simu! Mzee akiweka kidole mlimani, jina la kwanza huvuta la pili.

2. Daftari za wapimaji. Wapima ramani wa Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, waliandika kila jina pamoja na watu waliothibitisha tahajia yake. Daftari hizo zimo kwenye tovuti ya ScotlandsPlaces. Tazama ni nani aliyeulizwa: mwenye ardhi anayeishi mbali na mchunga kondoo wa pale pale hawana uzito mmoja.

3. Sauti. Omba ruhusa, kisha rekodi. Usitamke jina wewe kwanza, maana kwa heshima mzee ataitikia utamkavyo.

4. Maana. Hapa nilipoteza jioni nne. Tulikuwa na kijito kiitwacho Allt a' Mhuilinn. Allt ni kijito, sawa. "Mhuilinn" nikaitafuta kwenye kamusi, sikuipata, nikaanza kubuni. Kumbe Kigaeli hubadili kichwa cha neno: mgeni anayesaka "meno" kwenye kamusi yetu hafiki mpaka ajue "jino". Neno lenyewe ni muileann, kinu. Kijito cha kinu, basi! Ukiona h imekaa baada ya konsonanti ya kwanza, iondoe ndipo utafute. Mh na bh aghalabu husikika kama v, kwa hiyo sikiliza rekodi ukiwa na tahajia mbele yako.

Mkia wa neno nao hugeuka. Druim, mgongo wa kilima, huwa droma. Ndiyo maana kijiji cha Tyndrum kwa Kigaeli ni Taigh an Droma, nyumba ya mgongo wa kilima. Alama juu ya irabu usiidharau: bata ni fimbo, bàta ni mashua. Rangi nazo zina mipaka yake. Gorm ni buluu, lakini pia kijani cha majani.

Na si kila jina ni la Kigaeli. Visiwani magharibi, majina yanayoishia -bost, kama Carbost, yametoka katika lugha ya Wavikingi, na sehemu hiyo ina maana ya shamba. Usiyalazimishe. Mzee asipojua maana, na kamusi ikinyamaza, acha safu hiyo wazi. Maana ya kubuni ikishaingia kwenye orodha, haitoki tena.

5. Jedwali. Mstari mmoja kwa kila jina: lilivyotamkwa, lilivyo kwenye ramani, maana, aliyesema, tarehe, na namba ya gridi, yaani tarakimu zinazotaja mahali kwenye ramani. Tumia tarakimu nane, zinazoonyesha mraba wa meta 10. Sita huonyesha meta 100, na humo kisima na jiwe huangukia mahali pamoja.

Ainmean-Àite na h-Alba, wanaoshughulikia majina ya Kigaeli ya nchi nzima, wapelekee nakala. Lakini kwanza mpelekee mzee, kwa maandishi makubwa. Bibi alisahihisha majina sita kabla chai haijapoa.