Somo: Namna ya kufunga shingo na usukani wa baiskeli

Kijana mmoja aliletwa kibandani kwangu hapa Moshi akiwa ameshikilia kitambaa kidevuni, damu inachuruzika. Alikuwa anashuka kutoka Kibosho na mikungu miwili ya ndizi kwenye karia. Kufika kwenye kona akakata usukani kushoto. Usukani ukageuka, gurudumu la mbele likabaki limetazama mbele. Nilipofungua nikakuta shingo, yaani kipande kinachoshika usukani, imezama sentimita 3 tu ndani ya bomba la foku, ule uma unaobeba gurudumu la mbele. Alikuwa ameinyanyua mwenyewe ili akae wima, na aliikaza kwelikweli. Lakini ukikaza kitu kisicho na mahali pa kushika, unachosha mkono bure.

Kwanza tambua shingo yako ni ya aina gani. Ya zamani, ya kina Phoenix na baiskeli nyingi za mtumba, ina kijiti kinachoingia ndani ya bomba la foku, bolti moja ndefu juu na kabari au koni chini yake. Ya kisasa inalikumbatia bomba kwa nje, ina bolti mbili ubavuni na kifuniko juu.

Shingo ya zamani

Hatua ya 1. Legeza bolti mizunguko minne au mitano, usiitoe yote, maana kabari itadondokea ndani ya foku. Weka kipande cha ubao juu ya kichwa cha bolti, gonga kwa nyundo. Kabari ikiachia utaona bolti inazama ghafla. Kama breki ni za fimbo, zilegeze kabla hujainyanyua shingo.

Hatua ya 2. Chomoa, futa, angalia kutu na ufa. Paka grisi kwenye kijiti, kwenye kabari na kwenye meno ya bolti. Wengi wanairuka hatua hii, na ndio haohao wanaorudi baada ya miaka mitatu shingo imeganda.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Kijitini kuna mstari uliochongwa, na lazima uzame usionekane. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka mstari huo uwe juu ya ncha ya chini ya kijiti kwa angalau mara 2.5 ya kipenyo chake. Kwa kijiti cha milimita 22.2, hiyo ni milimita 55.5. Mimi nazamisha 65. Bomba la foku limechongwa meno sehemu ya juu, na hapo ni jembamba. Kabari ikibana kwenye meno, bomba linaweza kuvimba au kupasuka. Ikae chini ya meno. Ukiona usukani bado uko chini mno kwako, nunua shingo ndefu zaidi.

Hatua ya 4. Nyoosha usukani sambamba na gurudumu, kaza. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, zungusha usukani kwa mikono miwili. Haupaswi kusogea.

Shingo ya kisasa

Kosa ninaloliona kila wiki: mtu anakaza bolti ya juu mpaka inalia, za ubavuni anaziacha. Bolti ya juu inaondoa tu mchezo, yaani kulegea, kwenye gololi zinazozungusha foku. Zinazoshika shingo kwenye bomba la foku ni za ubavuni.

Bomba la foku liishie milimita 2 hadi 3 chini ya ukingo wa juu wa shingo, la sivyo kifuniko kitakalia bomba na gololi zitaendelea kucheza. Legeza za ubavuni. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku unakaza ya juu kidogo kidogo. Mchezo ukiisha na usukani bado unageuka laini, acha hapo. Nyoosha, kisha kaza za ubavuni kwa kupokezana.

Bolti nne zinazobana usukani wenyewe zikazwe kwa msalaba, mwanya wa juu na wa chini ulingane, isipokuwa shingo iwe na maelekezo mengine. Nyingi zimeandikwa nyutoni-mita 5, kipimo cha nguvu ya kukaza. Huna spana ya kupimia? Ni sawa na uzito wa kilo 5 ukining'inia kwenye mpini wa sentimita 10. Ni kidogo kuliko unavyodhani.

Mwisho, ziba ncha za usukani. Bomba lililo wazi humchoma mtoto tumboni akianguka, na jeraha linaweza kuwa ndani lisionekane nje.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo fundi. Usukani unateleza, nimeweka kipande cha kopo la soda. Inafaa? (Tanga)*

Marahaba. Kitoe leo. Pima usukani kwa kalipa: kuna wa milimita 25.4, 26.0 na 31.8. Huenda una usukani wa 25.4 kwenye shingo ya 26.0, kwa macho zinafanana kabisa. Tafuta unaolingana. Kwa 25.4 ndani ya 31.8 kuna bushi maalumu ya kujazia nafasi.

*Fundi, shingo yangu imeganda, hata nyundo haisaidii. (Pemba)*

Pole. Ni chumvi ya bahari. Alumini ndani ya chuma hung'ang'aniana. Geuza baiskeli miguu juu, toa gurudumu la mbele, mimina mafuta ya kupenya kupitia tundu la chini la bomba la foku, uache usiku kucha. Kesho bana foku vizuri, zungusha polepole huku na huku. Ikitoka, grisi kila mwaka.

*Usukani wa alumini umepinda baada ya ajali. Naweza kuunyoosha, au nipeleke kwa mchomeleaji?*

Hapana, yote mawili. Alumini iliyopinda ikinyooshwa inaweza kubaki na ufa usiouona, na siku ikikatika haitoi taarifa. Nunua mwingine. Huo wa zamani ukate katikati kwa msumeno kabla hujautupa, asije mtu akauokota akaufunga.