Kuchaji gari la umeme kwa soketi ya ukutani wakati wa baridi kali

Kwa anayeishi Minneapolis (Marekani) au Winnipeg (Kanada) bila chaja kubwa nyumbani, soketi ya kawaida ya volti 120 inaweza kutosha kwa safari za kila siku, ila inataka hesabu. Saketi ya ampea 15 haibebeshwi zaidi ya ampea 12 kwa mzigo wa saa nyingi. Hiyo ni kilowati 1.44, yaani uniti 17 hivi kwa saa 12.

Uniti hizo haziingii zote kwenye betri. Seli za lithiamu zikichajiwa kwa nguvu zikiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujitandaza juu ya anodi (upande hasi wa seli) badala ya kupenya ndani, na uharibifu huo haurekebishiki. Kwa hiyo magari mengi huipasha betri kwanza. Nyuzi 20 chini ya sifuri, hita inaweza kumeza karibu umeme wote wa soketi, na asubuhi ukakuta asilimia haijapanda. Gari si bovu.

Basi chomeka mara tu unapofika, betri ikiwa bado na joto la safari. Kungojea umeme wa bei nafuu wa usiku wa manane kwa soketi dogo hivi ni hasara: betri inapoa, saa zinapotea. Weka pia saa ya kuondoka kwenye programu ya gari ili lipashwe joto likiwa bado limechomekwa. Hita ya ndani huweza kuvuta kilowati 5 au zaidi, na umeme wa ukutani usipotosha, unaobaki hutoka kwenye betri, hivyo acha akiba ya chaji.

Kinachoungua mara nyingi ni soketi, si gari. Saketi hiyo isiwe na friza, hita wala taa za Krismasi. Plagi ishike kwa nguvu. Ikilegea, mguso unakuwa hafifu na joto linazaliwa hapo hapo. Mwite fundi umeme aweke soketi imara ya viwandani, waya zikazwe kwa skrubu, zisisukumwe tu kwenye matundu ya nyuma. Kisanduku cha kebo kitundike kwenye ndoano, maana uzito wake huivuta plagi. Baada ya saa moja iguse: uvuguvugu ni sawa, lakini ikiwa moto hata mkono haukai, zima, na usiitumie tena hadi fundi aikague.

Ekstensheni iepuke, watengenezaji wengi wa magari wanaikataza kabisa.

Kung'uta theluji kwenye kichwa cha kebo kabla ya kuchomeka. Kikiganda kwenye gari, washa hita ya gari usubiri. Usikimwagie maji ya moto, yataganda tena ndani ya komeo, na usikivute kwa nguvu.

Kama gereji ina saketi ya ampea 20 isiyolisha soketi nyingine, muulize fundi kama inaweza kugeuzwa kuwa ya volti 240. Waya wa geji 12 (kipimo cha unene wa waya) mara nyingi unatosha, na ampea 16 zinakupa kilowati 3.84. Faida yake wakati wa baridi ni kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Tuseme kupasha betri na mitambo ya gari vinakula kilowati 0.8: kwa volti 120 betri inabakiwa na 0.64, kwa volti 240 inabakiwa na 3.04, karibu mara tano.