Slaidi za pikipiki ya theluji: zisome kuukuu kabla ya kununua mpya

Njia za theluji hapa Minnesota hufunguliwa tarehe 1 Desemba, na siku hiyo ikikaribia simu ya gereji yetu haitulii. Wengi wanaonitafuta kwa Kiswahili ni Wakenya na Wakongo walionunua sledi, yaani pikipiki ya theluji, ya mtumba, muuzaji akawaambia iko sawa, washa uende. Injini kweli iko sawa. Chini ndiko hakuna aliyeinama kutazama.

Ukiinama utaona reli mbili za alumini, kila moja imevishwa ukanda mrefu wa plastiki ngumu. Hiyo ndiyo slaidi. Mkanda wa mpira unaozunguka reli hizo na kuisukuma sledi una klipu za chuma, na klipu hizo huteleza juu ya slaidi muda wote sledi inapotembea. Hakuna oili wala grisi pale. Kinacholainisha na kupoza ni theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Theluji ikikosekana, kwenye barafu tupu au lami, klipu hupata moto, na plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 na kidogo. Kwa hiyo maili si kitu sana. Slaidi huuawa na ukame. Mteja mmoja alivuka ziwa lililoganda wazi, upepo umelifagia theluji yote, akafika ng'ambo na slaidi zimegandamana na klipu.

Basi kabla hujatoa pesa, tandika kadibodi, ilaze sledi ubavu, uzisome zile zilizomo. Pima unene sehemu tatu: kwenye mpindo wa mbele, katikati, na nyuma. Mpya huwa na milimita 17 au 18 hivi. Vitabu vingi vya mashine vinasema badilisha zikibaki kama 10, na nyingine zina mstari ubavuni unaoonyesha kikomo. Kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Ukichelewa, klipu zinaanza kutafuna reli, na bei ya reli haifanani hata kidogo na ya slaidi.

Zikiwa zinang'aa na plastiki imetiririka pembeni, ni ukame. Zikiwa na mifereji mirefu, kuna klipu iliyopinda au iliyong'oka. Usipoibadilisha, itakata slaidi mpya vilevile. Zikiwa zimeliwa upande mmoja, mkanda haujakaa katikati, au reli imepinda. Zikiisha kwenye mpindo wa mbele huku nyuma bado nene, mara nyingi springi ya mbele ndani ya mkanda imekazwa mno, uzito wote unalalia pale. Na zikiisha kwa usawa lakini mapema, shuku mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza ni umbo la mfereji unaoshika reli. Polaris wana lao, Ski-Doo wana lao, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya modeli. Kata kipande cha ile ya zamani uende nacho mkononi; hakidanganyi kama kumbukumbu. Urefu unafuata reli, si mkanda, na ndefu kidogo ni sawa kwa sababu msumeno upo. Fupi usichukue. Rangi ni mapambo, isipokuwa nyeusi zenye grafaiti, ambazo ndizo ninazoweka mimi. Zipo pia zenye vipande vya plastiki ngumu zaidi vilivyopachikwa ndani, ghali, na zinamfaa anayepita barafu sana. Hata hizo zinataka theluji, muuzaji aseme asemavyo. Nunua jozi.

Kazi yenyewe si ngumu kama unayo sehemu yenye joto. Plastiki baridi ni kaidi, kwa hiyo zilaze ndani ya nyumba usiku kucha. Legeza ekseli ya nyuma ili mkanda ulegee, fungua bolti ya mbele ya slaidi, kisha uzungushe mkanda mpaka tundu lake likae mahali slaidi itapata kupitia. Kwenye mashine nyingi hutoka kwa nyuma. Ikigoma, igonge kwa nyundo ukitanguliza kijiti cha mbao. Safisha reli, pitisha tupa palipo na makwaruzo. Chonga kidogo kingo za mbele za slaidi mpya, ipake maji ya sabuni ya vyombo, uisukume. Bolti ya mbele pekee inatosha: plastiki hii hurefuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na ukiipigilia bolti nyingine nyuma kwa hofu, itapinda.

Kisha kaza mkanda kwa kipimo cha kitabu. Inua nyuma kwenye stendi imara, hakikisha hakuna mtu nyuma, uuzungushe polepole. Ukivutika kushoto, kaza bolti ya kushoto robo mzunguko, utazame tena.

Safari ya kwanza ipeleke kwenye theluji laini. Baada ya hapo, kama njia za kwenu ni ngumu, funga vikwaruzi: nyaya zinazoburuta chini na kurusha vumbi la barafu juu, likapoza slaidi na rejeta pia. Vya kawaida vinyanyue kabla ya kurudi rivasi, la sivyo vitavunjika. Usipoteze pesa kwa silikoni ya kupulizia, haidumu hata maili chache. Mshale wa joto la injini ukianza kupanda, ujue na slaidi ziko kwenye shida hiyohiyo. Toka pembeni palipo na theluji teketeke, pita hapo kidogo, kisha urudi njiani. Na ukishamaliza safari hiyo ya kwanza, kagua tena ukazaji wa mkanda na bolti mbili za mbele kabla hujaiweka sledi kwenye trela.