Jinsi ya kuombea fedha za umma usafishaji wa uwanja wa ghala la zamani la salfa

Mtwara na Lindi salfa ya mikorosho, unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, huhifadhiwa kwa wingi kila msimu, na baadhi ya maghala yamezungukwa na nyumba. Palipomwagika mifuko utaona doa la njano ambapo hata ukoka hauoti. Ombi la kusafisha mahali kama hapo likifika halmashauri likiwa na sentensi moja na kiasi cha fedha cha kukadiria, hukwama kwa mchumi wa halmashauri, anayepanga bajeti. Ana haki: hajui kiwanja ni cha nani wala udongo una nini.

Anza na umiliki. Chukua namba ya kiwanja, omba upekuzi (kuangalia rekodi za umiliki) ofisi ya ardhi. Kama mwenye ghala yupo, usiombe fedha za umma za kusafisha, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtwika gharama aliyechafua, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaweza kumpa amri ya kurejesha mazingira. Kama lilikuwa la kiwanda cha umma kilichobinafsishwa, mwandikieni Msajili wa Hazina kabla ya kuingiza chochote kwenye bajeti. Kiwanja cha halmashauri ndicho chepesi.

Kisha gawa ombi mara mbili: kwanza fedha za upimaji, mwaka unaofuata za usafishaji. Marekani nako ruzuku za kupima viwanja vya aina hii hutolewa mbali na za kusafisha, kwa sababu hiyohiyo: ukitaja gharama kabla ya kuchimba, utakosea tu.

Upimaji wa awali ofisa mazingira anaweza kuufanya mwenyewe. Pima gramu 20 za udongo, tia mililita 50 za maji safi, tikisa, subiri nusu saa, chovya karatasi ya pH, yaani kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali. Rudia kwa udongo wa kina cha sentimita 0–15, 15–30 na 30–50, na uchukue sampuli moja ya kulinganisha nje ya uzio, upande usiopokea maji ya mvua kutoka ghalani. Hapa ndipo wengi huteleza. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongo ndio huigeuza kuwa tindikali, polepole. pH ya leo inaweza kuonekana nzuri ilhali mabonge ya njano bado yapo chini, yakingoja mvua. Kwa hiyo lipia pia kipimo cha maabara cha salfa yote iliyomo, na maji ya visima vya jirani, maana mchanga wetu wa pwani hupitisha maji haraka.

Sasa hesabu. Uwanja wa mita 20 kwa 15, uliochafuka hadi sentimita 30, una mita za ujazo 90. Kwa tani 1.5 kila mita ya ujazo, ni tani 135, yaani safari 14 za lori la tani 10, na bado hujalipia kibali cha kusafirisha taka hatarishi wala mahali pa kuzimwaga. Ikiwa salfa ni asilimia 1 ya uzito, una tani 1.35 za salfa. Kila kilo inahitaji takriban kilo 3.1 za chokaa ya kilimo kuzima tindikali yake, jumla tani 4.2. Kuokota mabonge kwa mkono na kuchanganya chokaa papo hapo ni nafuu mno, na mchumi ataliona hilo mara moja. Mabonge yasichomwe: moshi wake unakaba kifua. Kama paa ni la asbesto, liwe kifungu chake peke yake, lisivunjwe.

Ombi lipite mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo liingie kwenye mpango wa halmashauri. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, hivyo muhtasari wa kata uwe mezani kwa mchumi mwishoni mwa mwaka. Ukifika Machi umechelewa. Aingize mradi kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kwa jina linalotaja kiwanja na mtaa. Mradi ulioandikwa "usafi wa mazingira" tu huishia kununua mapipa ya taka.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mvua za kusini hushika Desemba. Nyaraka za zabuni ziwe tayari kabla ya Julai ili zipandishwe NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, fedha zikishuka, la sivyo mtachimba kwenye tope na tindikali itakimbilia visimani. Katika mkataba, zuieni malipo ya mwisho hadi pH ipimwe tena miezi mitatu baada ya chokaa, na mtenge chokaa ya ziada, kwa kuwa sehemu zilizokuwa na mabonge mara nyingi hudai mkupuo wa pili.